Uzi maalumu: Makala za wasanidi wenzetu ambazo hazistahili kuzama

#1 FundiKanzidata (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Kuna makala nimezirudia mara nyingi kuliko nyaraka rasmi za lugha ninayoitumia kila siku. Hazikuandikwa na idara za matangazo. Ziliandikwa na watu wa kazi kama sisi: mtu alikuwa na tatizo mezani, likamnyima usingizi, akalipata, kisha akaketi akasimulia. Nafungua uzi huu tuziweke pamoja, maana makala za aina hii huzama haraka. Juu yake hurundikwa utangulizi uleule wa lugha ileile, "hatua kumi za kufunga kitu fulani", na msimbo wa kunakili ambao hata aliyeubandika hakuujaribu.

Naomba tusimwage viungo tu. Ukileta makala, tueleze ina nini ndani na kwa nini unaona mwenzako aache anachofanya aisome. Kipimo changu ni kimoja: makala inipitishe njia yote aliyopita mwandishi, pamoja na vichochoro alivyoingia akakuta vimeziba. Jibu peke yake nitalipata popote. Ninachokitafuta ni namna mtu alivyofikiri wakati hana jibu.

Nianze na ile niipendayo kuliko zote.

Mwaka 2002 msimamizi wa mifumo aitwaye Trey Harris alisimulia kisa kilichompata miaka kadhaa nyuma, alipokuwa akihudumia barua pepe za chuo kikuu kimoja Marekani. Mkuu wa idara ya takwimu alimpigia simu akamwambia kwamba idara yake haiwezi kutuma barua pepe mbali zaidi ya maili 500. Yeyote anayejua mitandao angemjibu kwamba barua pepe haina habari na umbali, na Harris naye aliona hivyo. Lakini wale watu wa takwimu hawakuwa wamekurupuka. Walikaa siku kadhaa wakikusanya data kwanza, na mmoja wao alikuwa anaichorea ramani.

Hapa ndipo makala inaponishika. Harris hakubishana. Alianza kupima. Akatuma New York, maili 420, ikafika. Akatuma Providence, maili 580, ikagoma. Akawaza labda tatizo liko kwa mpokeaji, akajaribu kumtumia rafiki yake wa jirani ambaye seva yake ya barua ilikuwa Seattle, upande wa pili wa nchi. Ikagoma. Kumbe umbali unaohesabiwa ni wa seva, si wa mtu. Jaribio dogo tu hilo, lakini limefunga mlango mzima wa dhana.

Chanzo kilikuwa fundi wa nje aliyesasisha mfumo wa seva, na sasisho likarudisha Sendmail (programu ya kupeleka barua pepe) ya zamani, toleo la 5, huku faili la mipangilio likibaki la toleo la 8. Toleo la zamani halikuelewa mipangilio mipya, likairuka, na muda wa kusubiri muunganisho ukabaki sifuri. Kwa mzigo wa kawaida wa mashine ile, sifuri hiyo ilimaanisha kukata tamaa baada ya milisekunde 3 na ushee. Harris akapiga hesabu: mwanga unakwenda umbali gani kwa milisekunde 3? Maili 558, yaani kama kilometa 900.

Niliposoma mara ya kwanza nilinyanyuka kwenye kiti. Tangu siku hiyo mtumiaji akiniletea lalamiko lisiloingia akilini, simwambii "haiwezekani". Namwomba anionyeshe alichokiona, kisha natafuta jaribio dogo litakalogawa dhana zangu mbili.

Naendelea na nyingine hapo chini. Karibuni.

#2 ZamuYaUsiku

Nimeweka kambi hapa mkuu. Mimi hukaa na seva usiku kucha, na nakubaliana nawe kuhusu kusikiliza mtumiaji kwanza. Mtumiaji hukosea sababu, lakini dalili aliyoiona huwa ni ya kweli.

#3 Kompaila

Mkuu FundiKanzidata, kisa ni kitamu ila nina swali. Ili muunganisho ukamilike ishara inatakiwa iende na kurudi. Kwa hiyo milisekunde 3 zingetosha nusu ya umbali huo tu. Isitoshe, mwanga ndani ya waya au nyuzi za kioo hauendi kasi ileile ya angani. Hesabu inakaa pazuri mno hadi inanitia shaka.

#4 FundiKanzidata

Swali zuri, Kompaila, na hukuwa wa kwanza kuliuliza. Harris mwenyewe alitangulia kusema pale juu kabisa kwamba baadhi ya mambo ameyabadilisha kidogo na mengine ameyaruka, na baadaye aliandika majibu kwa waliomhoji. Kwa hiyo usiitumie kama somo la fizikia. Mimi naithamini kwa mpangilio wa majaribio yake, na huo unasimama hata ukibadilisha tarakimu.

Ila umenigusia jambo lenye uzito: tunapoinua makala tuseme pia nguvu yake iko wapi na isibebeshwe nini. Makala ya pili ninayoileta ina tarakimu za kushikika.

Mwaka 2021, mwishoni mwa Februari, msanidi mmoja asiyehusika kabisa na kampuni iliyotengeneza mchezo wa Grand Theft Auto Online alichoka kusubiri. Kwenye kompyuta yake mchezo ulichukua dakika 6 kufunguka. Mamilioni ya watu walikuwa wakisubiri hivyohivyo kwa miaka, na kila mtu alikuwa na maelezo yake: mtandao, seva, diski. Yeye hakupiga ramli. Alifungua dirisha linaloonyesha matumizi ya kompyuta akaangalia: mtandao umetulia, diski imelala, kadi ya picha haina kazi. Kinachohangaika ni kiini kimoja tu cha prosesa, kwa dakika kadhaa mfululizo.

Hana msimbo wa mchezo. Akachukua zana ya kupima programu inapotumia muda, akaufungua mchezo kwa zana ya kusoma maelekezo ya mashine, akafuata nyayo. Akakuta mambo mawili.

La kwanza: mchezo ulikuwa unasoma faili la maandishi la megabaiti 10 lenye orodha ya vitu vinavyouzwa ndani ya mchezo, kama 63,000. Kila uliposoma thamani moja, amri iliyotumika ilihesabu kwanza urefu wa maandishi yote yaliyobaki hadi mwisho wa faili. Fikiria mtu anayesoma kitabu, na kabla ya kila neno anahesabu kurasa zote zilizobaki.

La pili: kila kitu kikishasomwa, kilipitishwa kwenye orodha nzima, kimoja baada ya kingine, kuhakikisha hakijaingizwa tayari. Kwa vitu 63,000 hiyo ni milinganisho 1,984,531,500. Na vitu vyote vilikuwa tofauti tangu mwanzo, hakuna kilichojirudia.

Sasa angalieni uandishi wake. Hakusema tu "nimetengeneza, sasa ni haraka". Alitengeneza la pili peke yake akapima: dakika 4 na nusu. La kwanza peke yake: dakika 2 na sekunde 50. Yote mawili: dakika 1 na sekunde 50. Amepunguza karibu asilimia 70, na msomaji anajua kila rekebisho lilichangia nini. Mwezi uliofuata kampuni ilitoa sasisho lenye marekebisho hayo na ikamlipa dola 10,000.

Hii makala ilinitoa kwenye shida yangu mwenyewe. Mahali nilipokuwa nikifanya kazi wakati huo palikuwa na kazi ya usiku ya kuunganisha kumbukumbu za wateja kutoka faili mbili. Mwanzoni ilikwisha kwa dakika chache. Miaka ikapita, ikawa inaamkia asubuhi, na jibu la kila mtu lilikuwa "tununue seva kubwa". Nilipomaliza kusoma nilikwenda moja kwa moja kwenye ule msimbo nikatafuta kitu kimoja: kuna mahali tunapitia orodha yote kwa kila mstari? Palikuwapo. Kitanzi ndani ya kitanzi, kimefichwa kwenye funksheni yenye jina la kistaarabu, "tayariIpo". Niliweka kamusi ya funguo, ambayo inakupa kitu moja kwa moja bila kupitia vingine, badala ya orodha. Mistari minne. Kazi ikarudi kwenye dakika zake, na seva ikabaki ileile.

#5 MamaSeva

Mwanangu, hiyo "tayariIpo" ndiyo inayoua mifumo mingi kuliko wavamizi. Ukiwa na data ndogo haionekani kabisa. Inakua kimyakimya pamoja na wateja wako.

Mimi naleta ya Joshua Bloch ya mwaka 2006. Wengi wenu mmeandika utafutaji wa nusu kwa nusu: orodha imepangwa, unatazama katikati, unatupa nusu, unaendelea. Kupata katikati unajumlisha mwanzo na mwisho, unagawa kwa mbili. Nani angeshuku mstari huo?

Bloch aliandika kwamba mstari huo una hitilafu, na kwamba hitilafu hiyo ilikaa kwenye maktaba ya lugha ya Java yenyewe kwa takriban miaka 9, katika msimbo alioandika yeye mwenyewe. Namba kamili ya biti 32, inayotumika hapo, ukomo wake ni 2,147,483,647. Orodha ikiwa na vitu zaidi ya bilioni moja hivi, mwanzo ukijumlishwa na mwisho hesabu inafurika, inageuka hasi, na programu inaanguka. Dawa yake fupi sana: chukua mwanzo, ongeza nusu ya tofauti. Hesabu ni ileile ila haifuriki njiani.

Hitilafu hiyohiyo ilikuwemo kwenye kitabu maarufu cha mwalimu wake, Jon Bentley, ambako msimbo wa utafutaji huo ulikuwa umethibitishwa kwa hoja za kihesabu. Anakumbuka hata mhadhara ule chuoni, jinsi wanafunzi walivyoambiwa waandike na wengi wakakosea.

Mimi nilijifunza kazi zamani, kompyuta zikiwa na kumbukumbu ndogo. Orodha ya vitu bilioni haikuwa kitu cha kuwaza, basi mstari ule ulikuwa sahihi kwa dunia yake. Dunia ikakua, mstari ukabaki. Na ninachomheshimia Bloch ni kwamba alilitangaza mwenyewe, waziwazi, na jina lake likiwa juu. Angeweza kunyamaza, likarekebishwa kimya kwenye toleo jipya.

#6 Kompaila

Hapo nimevua kofia, mama. Na mimi nitaleta yangu ila nitaleta pamoja na malalamiko.

Mwaka 2010 Patrick McKenzie, msanidi aliyekuwa akiishi Japani, aliandika orodha ya dhana 40 ambazo waandishi wa programu wanazo kuhusu majina ya watu, zote za uongo. Kwamba kila mtu ana jina moja kamili. Kwamba majina hayabadiliki. Kwamba yana herufi za aina fulani tu. Kwamba kila mtu ana jina la kwanza na la mwisho. Kilichomchochea ni mwenzake, John Graham-Cumming, kulalamika kwamba mfumo mmoja umelikataa jina lake la mwisho kwa sababu ya kistari.

Makala hiyo ilizaa uzao. Zikafuata orodha za aina hiyo kuhusu saa na tarehe, kuhusu anwani, kuhusu namba za simu. Kila mtu anaisifu. Lakini tazameni: ni orodha tupu. Haina mifano chini ya kila dhana, haina suluhisho, haina hata kipande cha msimbo. Kwa kipimo chako, FundiKanzidata, haina njia wala vichochoro. Basi kwa nini inastahili kuinuliwa?

#7 ZamuYaUsiku

Kwa sababu inauma inapotakiwa. Mimi niliisoma siku niliyokuwa nachora fomu ya usajili, nikafuta sharti la "jina lisipungue herufi tatu". Ningeacha lile sharti, kuna watu halisi wangeambiwa na kompyuta kwamba jina walilopewa na wazazi wao ni kosa.

#8 FundiKanzidata

Kompaila, nimekaa na swali lako nusu saa nzima. Nakubali, kipimo changu kilikuwa chembamba. Makala ya McKenzie haikupitishi njia ya kutatua, inakukuta katikati ya njia yako na kukusimamisha. Kila mstari unakulazimisha ujiulize "mimi nimefanya hivi wapi?" Mifano anaitoa msomaji kutoka kwenye msimbo wake mwenyewe.

Hata hivyo sehemu ya lawama yako naibeba: wengi waliomwiga waliiga umbo wakasahau mzigo. Orodha ya dhana 40 kuhusu kitu ambacho mwandishi hajawahi kukijenga inachosha kuisoma.

Kuna moja bado ambayo nisipoileta uzi huu utakuwa na pengo. Machi 29, 2024, Andres Freund, mmoja wa wajenzi wa kanzidata ya PostgreSQL, aliweka hadharani andiko kuhusu xz, programu huria ya kubana mafaili iliyomo karibu kila mahali kwenye Linux. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri wa kumwingiza mvamizi.

Alifikaje? Alikuwa anapima kasi ya kitu kingine kabisa na alitaka mashine itulie. Akaona huduma ya kuingia seva kwa mbali, SSH, inakula prosesa kuliko inavyostahili, hata pale anayejaribu kuingia anapokataliwa. Akapima: kabla, karibu sekunde 0.3. Sasa, sekunde 0.8. Nusu sekunde! Wangapi kati yetu tungeiacha ipite? Akakumbuka pia malalamiko ya ajabu ya zana ya kukagua kumbukumbu aliyoyaona wiki kadhaa nyuma baada ya sasisho. Akayaunganisha.

Lile andiko lisomeni kama somo la uandishi. Linaanza na alichokiona. Linafuata mahali msimbo mbaya ulipojificha: ndani ya mafaili yaliyojifanya ya majaribio, na mstari wa kuuamsha uliokuwemo kwenye kifurushi cha toleo lakini haukuwemo kwenye hazina ya msimbo ambayo kila mtu anaitazama. Linaonyesha vipande vyenyewe. Na katikati anasema bila kuona haya kwamba yeye si mtafiti wa usalama, na kwamba yapo mambo mengi hajayachambua. Hakungoja awe na picha nzima. Aliandika alichokuwa nacho, akachora mpaka pale ujuzi wake ulipoishia, na wataalamu wa dunia nzima wakaanzia pale pale kwenye mpaka.

Mwandishi akichora mpaka huo, namwamini kwa kila alichosema upande wa ndani.

#9 MamaSeva

Naongeza jambo moja kuhusu tarehe. Mnapoinua makala, angalieni iliandikwa lini na kwa toleo gani. Bado nakutana na vijana wanaohifadhi nywila kwa MD5, njia ya zamani ya kuzigeuza zisisomeke, kwa sababu makala waliyoisoma ilisema hivyo, nayo imeandikwa vizuri kweli, lugha safi, picha za kutosha. Udhaifu wa MD5 ulionyeshwa wazi mwaka 2004, na bcrypt, iliyobuniwa hasa kwa ajili ya nywila, ipo tangu 1999. Makala nzuri ya zamani isiyo na tarehe ni hatari kuliko makala mbaya, kwa sababu watu huiamini.

Simulizi ya kutafuta hitilafu haichachi. Maelekezo ya "fanya hivi" yanachacha.

#10 Mwanagenzi

Shikamooni wakubwa. Nasoma uzi huu tangu asubuhi.

Nina miezi sita tu kwenye kazi hii. Naona makala zote mlizoleta ni za watu waliogundua makubwa: milango ya siri, hitilafu za miaka tisa. Mimi ninayokutana nayo ni madogo na nina hakika kila mtu anayajua. Nikiandika si nitajaza tu yale ambayo mwanzisha uzi amesema yanafunika mazuri?

#11 FundiKanzidata

Marahaba mdogo wangu. Karibu sana, na swali lako nalichukua kwa uzito wote.

Nilicholalamikia ni makala zisizo na mtu ndani. Udogo wa jambo haunisumbui. Nikupe mfano niliowahi kuusoma kwa mwandishi asiyejulikana, na uliniokolea siku nzima. Kichwa chake kilikuwa kama hivi: "Faharasa ipo, kwa nini ombi langu bado linachukua sekunde nyingi?" Alikuwa anatafuta wateja kwa barua pepe. Safu ya barua pepe ina faharasa, yaani orodha ya kando inayoiwezesha kanzidata kukipata kitu bila kusoma jedwali lote. Lakini ndani ya ombi alikuwa anaigeuza safu yote kuwa herufi ndogo kwanza ndipo alinganishe. Kanzidata ina faharasa ya barua pepe kama zilivyoandikwa, haina ya barua pepe zilizogeuzwa, kwa hiyo inaiacha na kusoma jedwali lote mstari kwa mstari. Dawa katika PostgreSQL ni kutengeneza faharasa ya ile safu ikiwa imeshageuzwa.

Wakongwe wote wanajua hilo. Sasa linganisha na makala yenye kichwa "Utangulizi wa faharasa katika kanzidata". Ukweli uleule unaweza kuwemo aya ya tisa, lakini mtu aliyekwama saa nane usiku hataufikia. Yule wa kwanza aliandika dalili kama inavyoonekana kwa mwenye shida, na akabandika maelezo ya mpango wa utekelezaji kama kanzidata ilivyoyatoa, bila kupamba.

Hilo la kubandika nalisisitiza. Ujumbe wa kosa uweke neno kwa neno, kama maandishi, usiweke picha ya skrini. Eleza kwa lugha yako uipendayo, ila ujumbe wenyewe usiutafsiri wala kuufupisha. Aliyekwama ataunakili na kuutafuta, na hiyo ndiyo kamba pekee itakayomleta kwako.

Halafu wewe una kitu ambacho mimi sina tena. Nikieleza faharasa leo, nimesahau kabisa ni wapi palinichanganya miaka ile. Wewe bado unapakumbuka.

Jana au juzi ulikwama wapi?

#12 Mwanagenzi

Juzi. Nilikuwa napanga orodha ya alama, kuanzia ndogo hadi kubwa, kwa lugha ya JavaScript. Kwenye kompyuta yangu zilipangika sawasawa. Zilipokuja data halisi nikapata 100, 700, 80, 9. Nilidhani seva inaleta data mbovu, nikapoteza saa mbili nikiikagua. Kisha nikadhani zimekuja kama maandishi, nikazigeuza zote kuwa namba, zikatoka vilevile. Mwishoni nikasoma kwamba ukiita amri ya kupanga bila kuipa namna ya kulinganisha, yenyewe inavigeuza vitu kuwa maandishi kisha inapanga kama maneno ya kamusi. Ndiyo maana 100 inatangulia 80.

Ila najua hili limeandikwa mara nyingi.

#13 Kompaila

Ngoja, hujasema jambo moja. Kwa nini kwako zilipangika sawasawa mwanzoni?

#14 Mwanagenzi

Data yangu ya majaribio ilikuwa 45, 12, 78, 31. Zote tarakimu mbili. Ukizipanga kama maneno au kama namba, jibu ni moja.

Sikuwa nimeliona hilo mpaka umeniuliza.

#15 MamaSeva

Mwanangu, hapo ndipo ilipo makala yako. Kuhusu amri ya kupanga, kweli yameandikwa mengi. Kuhusu data ya majaribio iliyofanana kiasi cha kuficha kosa, mimi ningeacha kazi yangu niisome.

#16 ZamuYaUsiku

Naunga mkono. Na usiondoe zile saa mbili za kuishuku seva. Mimi mtunza seva nitafurahi kuona mtu anakiri alianzia kwangu na hakukuta kitu.

#17 FundiKanzidata

Mwanagenzi, andika leo kabla hujasahau ulivyojisikia. Kichwa kiwe dalili: "Alama zangu zinapangwa 100, 700, 80, 9". Anza na data ya majaribio kama ilivyo, namba zote nne. Usitangulize maelezo ya JavaScript ni nini. Kisha seva, kisha kugeuza kuwa namba, kwa mpangilio uleule uliotuandikia hapa, maana umeshauandika vizuri bila kujua. Mstari wa marekebisho uweke mzima, na utaje umeujaribu kwenye kivinjari gani au toleo gani la Node (programu ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari), na tarehe, kama Mama Seva alivyosema.

Ukimaliza ilete hapa kwenye uzi. Itakaa pamoja na ya Harris na ya Freund.

#18 Mwanagenzi

Nimeshafungua faili. Aya ya kwanza ni hii, naomba jicho lenu:

"Nilikuwa na namba nne za kujaribia: 45, 12, 78, 31. Programu yangu ilizipanga bila kosa, nikaikabidhi. Siku iliyofuata, ikiwa na alama za watu halisi, iliweka 100 mbele ya 9."

#19 FundiKanzidata

Usiguse kitu hapo. Nenda aya ya pili.